Kahonzi Apanda Paa Kuitafuta Kadi

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi, Kahonzi Katana yuko juu ya paa la ghala huko Dabaso. Amevaa suruali ya marehemu mumewe ndani ya leso, na leso yenyewe ameifunga kibwebwe. Limebaki kuti moja tu. Analifunga kwenye fito, anakaza kamba kwa meno, kisha anashuka ngazi taratibu.

Chini wamesimama wanaume arobaini na mmoja, wanachama wote wa chama cha mafundi wa makuti. Hakuna anayemshikia ngazi. Sheria hairuhusu.

"Nimemaliza, Mwenyekiti," anasema.

Mwenyekiti, Mzee Kalama Lewa, anaingia ghalani na kuufunga mlango. Ndivyo kazi hii inavyopimwa huku pwani. Fundi husimama gizani akatazama juu, na akiona tundu la mwanga hata moja, anajua mvua nayo italiona.

Mzee Kalama akikuta tundu kwenye kazi yake, Kahonzi atarudi kushona makuti kwa senti thelathini kila kuti. Asipolikuta, atapewa kadi ya chama. Mwaka huu wa 1986, kuanzia Watamu hadi Malindi mjini, hakuna hoteli inayompa paa fundi asiye na kadi. Mwenye kadi hulipwa shilingi themanini kwa siku.

Kahonzi ana miaka thelathini na sita, na alizaliwa kijijini karibu na Kaloleni. Alianza kushona makuti akiwa na miaka tisa. Kazi hii imegawanywa tangu zamani: mwanamke hukaa chini akashona, mwanamume hupanda akaezeka. Mumewe alipoumia mgongo, Kahonzi alipanda badala yake, kwenye nyumba za vijijini ambako hakuna aulizaye kadi.

"Alikuwa amelala mkekani ananielekeza," anakumbuka. "'Anzia chini, Kahonzi, usiwe na haraka ya kufika juu.' Alipofariki, kazi nilishaijua. Kadi ndiyo sikuwa nayo."

Aliiomba mwaka 1983. Hakujibiwa. Chama kilikuwa kikikutana mangweni, kunakouzwa pombe ya mnazi, na huko ndiko barua zilikosomwa, kama zilisomwa.

"Mie ni mtu wa kanisa," anasema. "Ningeingia mangweni kudai kadi, wangesema nimefuata mnazi."

Hakuwa peke yake. Mafundi saba Waislamu walikuwa wameandika pia, nao hawakukanyaga huko. Barua zao na yake zilikaa mfuko mmoja hadi alipochaguliwa katibu mpya, Kioko. Huyu ni Mkamba aliyeisubiri kadi yake mwenyewe miaka miwili.

"Waliniambia Mkamba kazi yake kuchonga vinyago, makuti atayajulia wapi," anasema Kioko huku akicheka. "Basi nilipopewa ule mfuko, nilijua walioandika wanasikiaje."

Kioko aliuhamishia mkutano kwenye darasa la shule. Wale saba wakaja, wakapimwa, wakapata kadi. Kahonzi naye akaja, akakaa dawati la mbele kabisa. Hapo baadhi ya wazee wakaona maji yamezidi unga. Paa, walisema, si mahali pa leso.

Ila katiba ya chama haikumkataza mwanamke. Basi wakatunga sheria mpya: fundi aezeke upande mzima wa paa peke yake, tangu kushona kuti la kwanza hadi kufunga la mwisho. Walidhani atachoka njiani. Kioko akaandika kwamba itamhusu kila fundi, anayeomba kadi na anayeibadilisha mwisho wa mwaka. Akaisoma kwa sauti, na mikono yote ikanyooka. Jamani, watu wazima hao, na hakuna aliyejiuliza kama amewahi kushona kuti maishani mwake.

Kahonzi alishona makuti mia tatu kwa siku tano, akaezeka kwa siku mbili. Mwandishi wa habari hizi alijaribu kushona moja tu. Lilimchukua nusu saa, na Kahonzi akalifumua lote.

Mlango wa ghala unafunguka. Mzee Kalama anatoka akifuta macho kwa sababu ya jua.

"Nimeona matundu matatu," anasema.

Kahonzi anakaa mchangani.

"Yote yako upande wa pili," anaendelea mzee. "Upande wa mama huyu ni giza tupu."

Upande wa pili wa ghala hilo uliezekwa mwaka juzi, na aliyeuezeka ni Mzee Kalama mwenyewe. Watu wanacheka hadi wanashikana mabega, na mzee anacheka nao. Kioko anaandika kadi papo hapo, namba arobaini na mbili. Kahonzi anaibusu, kisha anaitia kifuani.

Lakini Kioko hajamaliza. Anawakumbusha wenzake kwamba Disemba ni zamu yao.

"Hata mimi sijui kushona," anakiri. "Niliandika nikijua."

Kicheko kinakatika. Fundi mmoja anapendekeza sheria ifutwe sasa hivi, na wengi wanaitikia. Mzee Kalama anauliza kama kuna anayepinga. Mwanachama namba arobaini na mbili ananyoosha mkono.

"Mlinipima kwa sheria hii," anasema Kahonzi. "Mkiifuta leo, kesho mtasema kadi yangu ilikuwa ya huruma. Iacheni. Kushona nitawafunza mie."

Wanatazamana. "Mama amesema kweli," anasema Mzee Kalama, na sheria inabaki.

Masomo yataanza Jumanne, kwenye darasa lile lile. Washonaji wanne wa Dabaso, wote wanawake, wameshamwambia Kahonzi kwamba nao wataleta barua. Anataka ikifika mwakani wawe na paa lao la hoteli, yeye na hao wanne, pamoja na mwanamume yeyote atakayekuwa amejua kushona.

"Nina furaha hata njaa siisikii," anasema.

Mzee Kalama ameshachagua pa kupimiwa. Disemba ataung'oa ule upande wake wa ghala na kuuezeka upya, kwa makuti aliyoyashona mwenyewe. Chama kimekubaliana kwamba siku hiyo atakayeingia ndani, aufunge mlango na kutazama juu, ni Kahonzi.