Mgongo wa Sally Haukodishwi

Siku Sally alipokiri kwamba kiuno kinamuuma, mwanawe Kipngetich alimjibu kama mtu yeyote wa milima hii ya Kericho na Bomet angemjibu: alimwambia akimbie. Kwetu ukitaja mazoezi tu, watu wanaona mbio. Mtoto mnene, akimbie. Mzee hapati usingizi, akimbie. Na mama wa miaka hamsini na saba aliyechuna majani chai kwa miaka thelathini, akiwa ameinama na kikapu mgongoni, naye akimbie.

Sally alikimbia. Alivaa raba, akafunga leso kichwani, akashika barabara ya vumbi kuelekea kanisani. Siku ya kwanza majirani walimshangilia. Siku ya nne maumivu yaliteremka kutoka kiunoni hadi nyuma ya goti, akarudi nyumbani akijishikiza kwenye nyua za njiani. Wanariadha wawili wa pale sokoni, wenye huruma nyingi kuliko akili, wakamshauri aache mbio. Alale chali na kuinua kifua hadi magotini mara hamsini, kama wafanyavyo wao kambini. Akafanya hivyo pia. Wiki mbili baadaye hakuweza kuvaa gambuti zake bila kukaa chini.

Hapo Kipngetich akaleta habari ya Gekara. Gekara alikuwa mfanyabiashara kutoka Kisii aliyekodi mashamba ya chai ya watu waliochoka. Kwa miaka kumi angepalilia yeye na kuchuna yeye, Sally akae nyumbani apumzike. Shamba lilikuwa kwa jina la Sally tangu mumewe alipofariki, kwa hiyo kilichokosekana ni sahihi yake tu. Kipngetich, ambaye ni mwalimu huko Siongiroi, hakuwa mwana mbaya. Alimpenda mamake, na hilo ndilo lililomchoma Sally zaidi, maana anayekuonea huruma ni mgumu kumfukuza. Lakini ile michai aliipanda kwa mikono yake, shina baada ya shina, akiwa na mimba ya huyu huyu anayetaka kumpumzisha. Aliona kwamba akiikabidhi atakuwa mgeni kwenye boma lake mwenyewe.

"Nipe miezi tatu," alisema. "Kama nitakuwa bado natembea hivi, nitaweka sahihi."

"Miezi tatu ya nini sasa, Mama?"

"Ya kukuonyesha."

Kesho yake alikwenda kliniki moja mjini Kericho kumwona Judy, mtaalamu wa viungo, binti mdogo kuliko Kipngetich. Judy alimpima miguu, akamgonga magoti, akamwambia hakuna kilichovunjika. Kisha akamuuliza amekuwa akifanya mazoezi gani. Sally akaeleza yote, na Judy akajizuia kucheka, ila hakujizuia vizuri.

"Mama, kwa shamba unashinda umeinama?"

"Chai haichunwi ukiwa umelala, daktari."

"Basi hiyo ya kuinua kifua inakukunja tena vile umekunjwa siku mzima. Na mgongo yako haina kitu ya kuishikilia."

"Mimi? Nimebeba kilo thelathini kabla hujazaliwa!"

Judy hakubishana. Alimwambia alale ubavu, aegemee kiwiko, ainue kiuno kutoka sakafuni. Sally aliinua kwa dharau. Kabla ya kuhesabu hadi sita alikuwa akitetemeka kama kuku aliyenyeshewa, na kiuno kikarudi chini chenyewe. Aliona aibu, kisha akakasirika. Kumbe nguvu yake yote ilikuwa mikononi na miguuni, na tumbo lilikuwa likisafiri tu kama abiria.

Judy alimchagulia mazoezi matatu na kumweleza sababu. Alisema zoezi linalomfaa ni lile linaloacha kiuno kitulie huku mikono na miguu ikifanya kazi. La kwanza ni hilo la ubavu, kwanza akiwa amekunja magoti. La pili, kulala chali, magoti juu, kisha kuinua makalio na kuyashusha polepole. La tatu, kupiga magoti na kushika chini kwa mikono, kisha kunyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, na kubadilisha, bila mgongo kuyumba. Machache kila siku, si mengi Jumamosi moja. Misuli ikichoka, aendelee; maumivu yakiteremka mguuni, aache. Na kikapu akijaze nusu, aende mara mbili.

Sally alitandika gunia mbele ya nyumba, mahali ambapo kila mpita njia angemwona. Hakutaka kujificha kama mwizi kwa ajili ya mgongo wake mwenyewe. Kujua kama mgongo umetulia, alichukua ufito, ule mrefu ambao wachunaji huulaza juu ya michai ili wachune kwa usawa, akaulaza toka kisogoni hadi kiunoni. Wiki ya kwanza ulianguka kila alipoinua mguu. Wanawake waliokuwa wakienda kanisani walisimama langoni, wakamwita mama wa Kipngetich kwa lugha ya kwao.

"Bot Kipngetich, umeanza kutambaa tena?"

"Ndio. Na nitatambaa mpaka kwako nikule chakula yako yote!"

Walicheka, naye akauokota ufito na kuurudisha mahali pake. Mwezi wa pili ulianza kukaa. Zilikuwako siku mbaya pia. Mvua baridi ya Julai ilimlaza siku mbili nzima, akalia, si kwa maumivu bali kwa hasira, kisha siku ya tatu akatandika gunia.

Miezi mitatu ilipotimia, Gekara alifika asubuhi na karatasi zake, Kipngetich akiwa naye amevaa koti la kanisani. Sally aliwangoja ukingoni mwa chai, kikapu mgongoni.

"Mama, uchungu imeisha?" Kipngetich aliuliza.

"Bado iko. Kila asubuhi inanisalimia."

"Sasa si tuandike tu?"

"Sasa wewe lala hapo chini. Kwa ubavu."

Alishusha kikapu, akalala nyasini akamwonyesha, naye mwalimu, kwa kuogopa kumkasirisha mamake mbele ya mgeni, akavua koti akalala karibu naye. Wakainua viuno pamoja. Sally akamuuliza Gekara habari za mkewe, za watoto, za mvua ya kwao Kisii, na Gekara akajibu yote akitazama chini. Kipngetich alitetemeka, akauma midomo, akaanguka. Sally aliendelea na maongezi mpaka alipotaka mwenyewe kushuka.

Gekara alikunja karatasi na kuzitia mfukoni. "Mwalimu," alisema, "hapa hakuna mtu amechoka isipokuwa wewe." Akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Kipngetich alisimama akijipangusa nyasi. Akanyoosha mkono kuchukua kikapu cha mamake. "Basi lete nikubebee."

Sally alikwisha kukitundika mgongoni. "Hii ni yangu," alisema. "Yako iko nyuma ya mlango."

Akaingia mstari wa kwanza bila kugeuka kutazama kama anafuatwa.