Simba wa Kiamunyi

Jumamosi moja, baada ya chai ya asubuhi, nilimketisha binti yangu wa darasa la sita nikamfunza maadili ya mtandao. Alikuwa amewatumia wenzake uvumi kwamba mwalimu wao anahama. Niliongea kwa ile sauti ninayoongozea maombi kanisani. Akaitikia, "Sawa, baba," nami nikajipongeza kimoyomoyo kwa malezi bora.

Kabla ya chakula cha mchana, mtu akanitumia picha ya simba kando ya barabara, eti ametoroka mbugani na ameonekana huku kwetu Kiamunyi. Sikuitazama mara mbili. Niliirusha kwa kundi la ukoo na la kanisa, nikaongeza la kwangu: "Mimi mwenyewe nimemsikia akinguruma." Ukweli ni kwamba kuna kitu nilikuwa nimesikia.

Nikakimbia kufunga geti, kisha nikamwonyesha binti yangu ile picha. Aliikazia macho kidogo tu.

"Baba, hizi gari zinapita upande wa kulia. Kwani hii ni Kenya?"

Nikatazama. Zilikuwa upande wa kulia. Hata kibao cha barabarani kilikuwa na maandishi nisiyoyajua. Na nje, lori la kokoto likanguruma tena.

Papo hapo mama yangu akapiga simu kutoka Subukia. Alikuwa amefungia ng'ombe zizini na kuwatahadharisha majirani. "Si umesema umemsikia na masikio yako?" Nikamwambia mtandao unakatika, nikakata simu.

"Nikifuta sasa hivi, nani atajua?" nilimuuliza binti yangu.

"Shosho," akanijibu, yaani nyanya yake.

Basi nikaanza kurekodi ujumbe wa sauti. Wa kwanza nilimlaumu aliyenitumia picha; binti yangu akatikisa kichwa. Wa pili nikasema simu yangu ina virusi, akatikisa tena. Wa tatu nikasalimu amri: "Ni mimi. Hakuna simba. Nilisikia lori. Nisameheni." Kijasho kilinitoka kama mtoto aliyeitwa mbele ya gwaride la shule.

Kundi la kanisa lilijaa vicheko. Mchungaji akaandika, "Amina." Mama yangu hakucheka; ng'ombe wake walikuwa wameshinda na njaa. Tangu siku hiyo, akipata ujumbe wowote wa kutiliwa shaka, hunitumia pamoja na maagizo mafupi: "Mpe mtoto asome. Wewe usinijibu."