Mtani Aliyembeba Eli

Harufu ya shira ikichemka, shira ya mepo, mti wa Kanada wenye utomvu mtamu, hunirudisha kwenye umri wa miaka kumi. Wenzangu wakiinusa huwaza chapati za maji na asubuhi njema. Mimi huona daraja la mbao, bata wa plastiki wa rangi ya manjano wakielea mtoni, na mdogo wangu Eli akiwa juu ya bega la mtu, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Tuliishi Toronto, ghorofa ya kumi na moja, katika majengo marefu ya mtaa wa Jane na Finch, lakini harufu hiyo si ya Toronto. Ni ya mji mdogo wa soko ulio mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kuelekea kaskazini. Huko, theluji ikishayeyuka na barabara zikibaki na tope jeusi, watu waliaga majira ya baridi kwa siku moja ya sherehe. Walichemsha utomvu wa mepo kwenye sufuria kubwa uwanjani, wakatembeza wanakondoo waliofungwa utepe shingoni, wakauza miche ya nyanya na asali. Saa sita mchana wazima moto walimwaga mamia ya bata wa plastiki kutoka darajani washindane kuelea, mji mzima ukapiga kelele kuwashangilia wasafiri hao wasio na roho.

Mama alialikwa kuuza pale kwa sababu ya maandazi yake. Yeye na wanawake wengine watatu wa jengo letu walipewa meza moja chini ya turubai, karibu na babu mmoja muuza asali, na kwa miaka mitatu mfululizo tulikwenda. Baba alikuwa mlinzi wa ghala na Jumamosi haikuwa yake, kwa hiyo aliyetuendesha ni mjomba Kimaro, fundi wa mabasi mwenye kifua kipana na sauti ya kuitisha mkutano bila spika. Ninamwita mjomba kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa kumwita. Udugu wa damu hatukuwa nao. Yeye ni Mchaga wa Rombo na mama yangu ni Mpare wa Same, na baina ya makabila hayo mawili pana utani wa tangu enzi za mababu. Yeye alimwita mama mchoyo, mtu wa kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mama alimwita mwizi, mtu anayeweza kufufuka akisikia sarafu imeanguka. Walitukanana hivyo kanisani, kwenye simu, hata msibani, na walipendana sana. Mtani hapigi hodi wala haombi ruhusa. Anachukua kitu chako mbele ya macho yako, na wewe huruhusiwi kununa, unakikomboa kwa chakula na maneno makali kuliko yake. Mwaka wa kwanza pale sokoni aliiba kiti cha mama, akakirudisha kwa maandazi kumi. Mwaka wa pili aliiba meza nzima pamoja na kitambaa chake, na yule babu wa asali alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa niseme habari ya woga, maana bila huo hutaelewa nilichofanya. Kwenye jengo letu, ghorofa ya saba, paliishi familia moja ambayo watoto wake walichukuliwa na watu wa ustawi wa watoto. Nani alisema nini, na kwa nini, sikuwahi kujua. Nilichojua ni kwamba wiki moja nilipanda lifti na watoto wale watatu, na wiki iliyofuata mama yao alipanda peke yake, akiwa amebeba mkoba wa shule. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikajifunza kunong'ona. Eli akilia ndani ya lifti, mama alimziba mdomo kwa kiganja na kumwambia, "Nyamaza baba, watasikia." Akina nani, hakusema, nami nikawajaza mwenyewe: walikuwa na viatu vizito, walikuwa na faili, na walijua namba ya mlango wetu. Kila Jumatatu kabla ya shule mama alinifunga vifungo vya koti huku akinikumbusha kwamba nikiulizwa mambo ya nyumbani niseme tunakula, tunalala, hatupigwi, kisha ninyamaze. Shuleni nako mwalimu alituambia kwamba afisa akikuuliza jambo, umwambie ukweli mtupu, na kwamba mtu asiye ndugu yako hapaswi kukubeba. Nilibeba maagizo hayo mawili kama ndoo mbili za maji, nikiogopa kumwaga hata tone. Nilikuwa mtoto mwoga, sikatai. Nilihesabu watu vitandani kabla sijalala.

Mwaka wa tatu jua lilitoka kali kupita kawaida na uwanja ulijaa. Wazima moto walikuwa wamepanda darajani na vikapu vyao, watu wakaanza kuhesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka kumi. Nilikuwa nimeshika kopo la sukari. Walipofika tatu, nyuma yangu nikasikia sauti ya mjomba Kimaro ikinguruma, "Mpare mchoyo, mwaka huu sitaki kiti! Namchukua kijana!" Nikageuka nikamwona amemnyanyua Eli, amemtupia begani, anatoka mbio kuelekea maegesho ya magari. Mama alishika mwiko wake wa kukaangia, akamkimbilia huku mafuta yakidondoka. "Mwizi! Mchaga mwizi we! Umemaliza kuiba hela sasa unaiba watoto? Nitakupeleka mahakamani!" Naye bila kugeuka akajibu, "Nipeleke! Uza ng'ombe unipeleke!" Wanawake wa meza yetu walikuwa wamejishika mbavu. Eli, ambaye alikuwa na miaka minne na Kiswahili alikisikia tu bila kukisema, alipiga kelele kwa lugha yake ya shule ya awali, ile ambayo uwanja mzima uliielewa: aachwe, ateremshwe, asaidiwe. Alikuwa akicheka, lakini kicheko cha mtoto aliyening'inia kichwa chini hakina tofauti kubwa na kilio. Kiatu chake kilichomoka, kikaanguka kwenye tope.

Bata walimwagwa na hakuna aliyeshangilia. Niliona nyuso zikigeuka kutoka mtoni kuja kwetu, moja baada ya nyingine, na nikaona kile walichokiona wao: mwanamume mkubwa mweusi anakimbia na mtoto anayeomba msaada, na mwanamke anamfukuza akiwa na mwiko wa chuma mkononi. Mwanamke mmoja muuza miche alikuwa tayari ameweka simu sikioni. Wanaume wawili walimzuia mjomba njiani, wakamshika mikono. Polisi walikuwepo pale pale kuongoza msafara wa matrekta, hivyo hawakuchukua hata dakika mbili. Wakamchukua Eli begani mwa mjomba, wakampeleka kukaa kwenye gari lao, mlango ukafungwa. Hapo ndipo Eli alipoanza kulia kweli. Mimi nikajua kwamba wale wenye faili wamefika.

Mama yangu, ambaye kwenye basi aliweza kugombana na dereva kwa Kiingereza safi, siku ile Kiingereza chote kilimtoka. Alirudia neno moja tu, "mchezo, mchezo," kwa Kiswahili, na mwiko ukiwa bado mkononi. Mjomba naye alikuwa amekalishwa kwenye ukingo wa barabara, mikono juu ya magoti, ametulia kabisa. Polisi mmoja wa kike, kijana mwenye madoadoa usoni, alinichukua kando, akapiga goti ili tutazamane. Aliniuliza kwa upole jina langu. Nikasema Namsifu. Kisha akaniuliza kama yule bwana ni ndugu yetu.

Ningeweza kusema ndiyo. Ulimi wangu ulikwisha kuinuka kusema mjomba. Lakini nilimkumbuka mwalimu, nikakumbuka kwamba mama hana kaka anayeitwa Kimaro, nikaona kwamba nikidanganya watagundua, na wakigundua watatuchukua wote wawili. Nikasema hapana. Akaniuliza kama mama alimruhusu ambebe mdogo wangu. Hilo lilikuwa jambo la nyumbani, na mambo ya nyumbani nilikuwa nimeambiwa ninyamaze. Nikanyamaza. Akauliza tena, nikatazama viatu vyangu. Nilipoinua macho, mjomba Kimaro alikuwa ananitazama kutoka pale chini. Alikuwa amelisikia lile hapana. Hakukasirika. Alitikisa kichwa kidogo sana, mara moja, kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka.

Aliyetuokoa ni babu wa asali. Alikuja na fimbo yake, akawaeleza polisi kwamba anamjua bwana yule, kwamba mwaka jana aliiba meza na mwaka juzi aliiba kiti, na kila mara mama aliyeibiwa alicheka kuliko wote. Sidhani kama alielewa utani ni nini, lakini alielewa kicheko. Ilichukua muda mrefu. Hatimaye Eli alirudishwa akiwa na kiatu kimoja na mwanasesere wa dubu aliyepewa na polisi, mjomba akaachiliwa lakini akaambiwa asikanyage tena kwenye sherehe ile. Tulirudi Toronto bila redio. Maandazi yalibaki nusu ya ndoo, na hakuna aliyeyagusa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Wiki ile ile mlango wetu ulibishwa, akaingia mwanamke mwenye faili. Hakuwa na viatu vizito, alivivua mlangoni kwa adabu, na hilo lilinitisha zaidi. Alifungua jokofu. Alitazama kitanda tulichochangia mimi na Eli. Aliniuliza maswali na baba alikaa pembeni akiwa na sare yake ya kazi. Alikuja mara tatu majira yale, na kila mara mama alisugua sakafu mpaka viganja vikachubuka. Nililala nimefunga kamba ya gauni langu la kulalia kwenye mkono wa Eli, ili wakija kumchukua nisikie. Miti ya mepo ilikuwa imejaa majani ndipo ilipokuja barua ya kwamba faili limefungwa. Mama aliisoma amesimama, kisha akaketi sakafuni akalia kwa sauti, na safari hii hakujali nani atasikia.

Mjomba Kimaro hakuacha kuja nyumbani. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuja, akabisha hodi, akasubiri akaribishwe. Alimwita mama "dada." Alishukuru kwa chai, akasifia maandazi, akauliza habari za kazi. Mama alijaribu kumchokoza mara mbili tatu, akamwambia afiche mikono yake asije akabeba sufuria, naye akatabasamu na kusema, "Ah, dada, hapana bwana." Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini yeye hakuumwa na nyoka. Aliumwa na neno moja la mtoto ambaye yeye mwenyewe alimnunulia baiskeli. Wanasema pia mwacha mila ni mtumwa, na huwa nataka kumuuliza aliyeyasema hayo kama aliwahi kukalishwa kwenye ukingo wa barabara mbele ya wanakondoo wenye utepe.

Siku hizi ninaishi Mississauga na nina mtoto wa miaka minne, Baraka. Woga wangu umekua pamoja nami, ila umejifunza kuvaa vizuri. Pasaka iliyopita tulikusanyika kwa mama, ghorofa ile ile ya kumi na moja, na mjomba Kimaro alikuwepo, mvi zimemjaa. Eli, ambaye sasa ana ndevu na akikaa magoti yake hugusa meza, alianza kusimulia habari ya bata. Nilitaka kumzuia. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba hakumbuki polisi wala gari. Anakumbuka yuko juu, juu kabisa, kuliko watu wote, na anaona bata wote mtoni. "Ile ndiyo siku nzuri mimi nakumbuka," akasema. Mjomba aliweka kikombe chini na hakukiinua tena.

Nikasimama. Sikujua nitafanya nini mpaka nilipokuwa nimeshamnyanyua Baraka na kumweka mapajani mwa mjomba. "Mjomba," nikamwambia, nikitumia neno lile nililolikataa, "Wapare wa nyumba hii ni wachoyo. Mwibe." Mama akatoka jikoni na mwiko wake. Mjomba aliinuka polepole, akampandisha mtoto begani, na Baraka akapiga kelele kwa Kiingereza kama Eli alivyopiga. Walifika mlangoni. Mjomba akaufungua, akachungulia kushoto kwenye korido, akachungulia kulia. Lifti ikalia, akatoka jirani na mifuko yake ya soko. Pale pale mjomba akamteremsha mtoto, akamnyoosha shati kwa mikono miwili, akamwamkia jirani kwa heshima. Jirani akaitikia, akaingia kwake. Baraka alimvuta suruali, anataka tena, tena. Yule mtu aliyewahi kuiba meza yenye maandazi ya moto juu yake akageuka kunitazama.

"Mama Baraka," akauliza, "naruhusiwa?"