Mlio wa Gurudumu la Nyuma Kushoto

Philister alirudi Minnesota mwishoni mwa Machi, baada ya wiki sita Kitale alikokwenda kumuuguza mama yake mpaka akapata nafuu. Gari lake alikuwa ameliacha nje ya nyumba za kupanga anapoishi, kule Hopkins, na muda wote huo lilirushiwa theluji iliyochanganyika na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Aliliwasha, likawaka. Alipotia gia halikusonga, kisha likachomoka ghafla kwa mshindo. Kwenye kona ya kwanza alikanyaga breki, na magurudumu yote manne yakakwaruza kwa sauti iliyomfanya mtu aliyekuwa akitembeza mbwa ageuke.

Alishuka, akachungulia katikati ya rimu. Diski za breki, ambazo siku zote hung'aa kama sufuria iliyosuguliwa, zilikuwa nyekundu kama udongo wa kwao.

Philister ni muuguzi wa kuwatembelea wagonjwa majumbani. Bila gari hana kazi. Alimpigia simu Wanjala, ndugu ya marehemu mumewe, anayeishi Maple Grove. Wanjala anafanya kazi kwenye duka la dawa, lakini kanisani kwao ndiye anayeulizwa habari za magari.

"Ni kutu tu, shemeji," Wanjala alisema kabla Philister hajamaliza kueleza. "Diski zikikaa na maji lazima zishike kutu. Wewe drive, piga breki kama mara kumi hivi, itajisugua yenyewe."

"Hutaki kuja uangalie?"

"Niangalie nini? Nimeshakuambia ni kutu."

Jumapili, watu walipokwisha kutawanyika, alizunguka uwanja wa maegesho wa kanisa, akiongeza mwendo na kupunguza taratibu, mara kumi, kisha mara kumi nyingine. Wanjala hakuwa amekosea kabisa. Kelele zilipungua, na diski tatu zikaanza kung'aa. Lakini nyuma, upande wa kushoto, mlio ulibaki, mwembamba, kama kijiko kikikwangua ukoko wa ugali.

Jumatatu alilipeleka gari gereji moja karibu na kwake. Kijana wa mapokezi alitoka na tochi, akamulika kila gurudumu kwa sekunde mbili tatu, akarudi na karatasi. Diski zote nne zibadilishwe, alisema, na pedi zote zinazozibana.

"Kelele inatoka gurudumu moja tu," Philister alisema. "Mmelifungua?"

"Hakuna haja, mama. Kutu inaonekana."

Alichukua ufunguo wake akaondoka, mashavu yakimwaka moto. Watu wawili walikuwa wamempa majibu mawili yanayopingana, na hakuna kati yao aliyegusa hata nati moja. Yeye, katika miaka kumi na tisa ya uuguzi, hajawahi kumwambia mgonjwa anaumwa nini kabla ya kufunua shuka.

Kesho yake asubuhi alikwenda Lakeville kwa Lois, bibi wa miaka themanini na minne aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Alimkuta amekaa barazani na blanketi magotini, anaota jua.

"Gari lako linanuka," Lois alisema.

"Ni kutu tu," Philister alijibu, na kujisikia akisema maneno ya Wanjala kulimuudhi zaidi.

"Kutu hainuki hivyo. Nimeendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja. Hebu lizunguke. Sogeza kiganja karibu na kila gurudumu, usiguse, halafu uniambie."

Philister aliinama kwenye gurudumu la kwanza. Uvuguvugu. La pili hivyo hivyo, na la tatu. Kwenye lile la nyuma kushoto joto lilimpiga kiganjani kabla hajalifikia, pamoja na harufu ya kitu kinachoungua.

"Hilo la nyuma ni moto kabisa," alisema.

"Basi breki yake haiachii. Unatembea ukiwa umeikanyaga. Usilipeleke mbali."

Lois alimpigia simu Joan, mwanamke aliyekuwa fundi wa mabasi yao na sasa ana gereji yake mitaa miwili tu kutoka hapo. Philister alilifikisha polepole; Joan alimsalimia, akalinyanyua gari kwa jeki na kuvua gurudumu bila kutoa maoni yoyote. Philister alisimama pembeni, na kwa mara ya kwanza wiki ile mabega yake yakalegea.

Pini moja kati ya zile zinazoiwezesha breki kubana na kuachia ilikuwa imekwama kwa kutu. Pedi ya ndani ilikuwa imeliwa mpaka kwenye chuma, na diski imechimbika mistari. Upande wa pili wa nyuma pini zilihitaji kusafishwa na kutiwa grisi, lakini diski na pedi za nyuma hubadilishwa kwa jozi, kwa hiyo Joan alitia mpya pande zote mbili. Zile za mbele Joan alizipitishia kidole.

"Hizi ni nzima," alisema. "Ziache."

Jioni Wanjala alipiga simu kuuliza maendeleo. Philister alimweleza yote, pini, joto na harufu.

"Si nilikuambia ni kutu?"

"Uliniambia ni kutu *tu*, shemeji."

"Sasa tofauti iko wapi?"

Philister aliisogeza simu mbali na sikio, akaitazama, akairudisha. "Wasalimie watoto," alisema, akakata.

Jumapili iliyofuata alimkuta Wanjala kwenye chai ya kanisa, akiwaeleza wanaume watatu jinsi alivyoutambua ugonjwa wa gari la shemeji yake kwa simu, bila hata kuliona. Mmoja alimgeukia Philister akamuuliza kama ni kweli.

"Kwa sehemu," alisema Philister. Akamalizia chai yake na kwenda, maana saa nane alikuwa na mgonjwa wa kidonda.