Kopo la Mama na Kombolela

Nilipiga teke kopo la biashara la mama. Nalisema mapema, maana mtaani kwetu hapa Morogoro stori hufika nyumbani kabla yako.

Ijumaa ile tulitoka shule tukakuta umeme umekatika. Simu zikazima, na wadogo zangu na watoto wa jirani wakakaa kibarazani kama wamefiwa. Mimi, mzee wa kidato cha tatu, nikawahurumia. Nikawahutubia kuhusu zamani zetu, yaani miaka mitano iliyopita, tulipocheza rede, mdako na kombolela bila kuchaji chochote. Mdogo wangu wa mwisho akauliza kombolela inapakuliwa wapi. Nikajua taifa linanihitaji.

Kombolela inataka kopo tu. Mmoja analipiga teke mbali, mtafutaji analifuata na kulirudisha kwenye duara, wengine wanajificha. Waliokamatwa wanasimama kando ya kopo mpaka mwenzao achomoke mafichoni alipige tena, hapo wote wako huru. Makopo ya kutupa yalikuwepo tele, ila mtaalamu hachezei takataka. Nikachukua la mama la kupimia, zito, kutoka kwenye gunia la maharage anayouza sokoni.

Tulicheza mpaka ukungu ukafunika milima ya Uluguru. Nilipolirudisha ndipo nikaona kitako kimebonyea ndani.

Sasa sokoni kwetu kitako kilichobonyea ni kesi. Wapo wauzaji wanaokibonyeza makusudi ili maharage yaingie machache. Ndiyo maana wateja huligeuza kopo kwanza, na ndiyo maana wengine huwapita wauzaji wote wakaja kwa mama, mwenye kopo lisilo na ujanja. Nikajaribu kukinyoosha kwa mchi. Kikatoka kidogo, kikarudi ndani kwa hasira. Basi nikalifukia kwenye maharage, nikalala usingizi wa watakatifu.

Asubuhi nilimbebea mama gunia hadi sokoni, mtoto mwema kweli kweli. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Mzumbe, bibi mmoja aliyeanza kununua kwetu kabla sijazaliwa. Akaligeuza kopo. Akalitazama, akamtazama mama, akaanza kufunga mkoba wake.

“Na wewe mwenzangu,” akasema taratibu, “umeanza lini?”

Mama akakitazama kitako. Kisha akanigeukia mimi, nami nikatazama milima, ambayo asubuhi hiyo ilipendeza kupita kiasi. Mwalimu alishapiga hatua ya kuondoka. Maneno yakanitoka yenyewe: nikamwamkia, nikamwambia ni mimi, jana, kombolela.

Mwalimu akasimama. Mama akashika kopo, akalijaza mpaka likafanya kilima, ndipo akasema:

“Rudi, mwalimu wangu. Leo kila kopo lina nyongeza, na nyongeza inatoka kwenye fungu la huyu la nyumbani. Jioni atacheza kombolela vizuri sana: maharage yatajificha kwenye sahani, yeye atafute.”