Chokaa Kwenye Ghala la Buni

Mimi si mtu wa kutulia. Mwaka 2013 nilirudi Kasulu nikakuta mtaa wa maghala umekufa, milango yote ina kufuli zenye kutu, na wiki haikuisha kabla sijaanza kumsumbua mwenye ghala la buni, mzee mmoja mwenye duka la vitenge. Kila nikienda ananiambia nirudi baada ya swala ya alasiri. Narudi. Mwishowe akanisukumia ufunguo juu ya kaunta.

"Chukua, uniache nipumue."

Nilitaka pawe jumba la sanaa: picha ukutani, ngoma katikati, watu warudi mtaani. Hayo nilimwambia kila mtu. Nilichoficha ni kwamba nilitaka mama yangu aingie mle. Alichambua buni katika ghala hilo tangu akinibeba mgongoni, mpaka kazi ikafa. Tangu hapo, akienda sokoni alizunguka njia ndefu asipite mlangoni pake.

Kuta zilijaa michoro ya mkaa: jembe, jicho, kuku, mwezi. Nikasema ni watoto hawa, wamechafua. Mchoraji niliyemwomba msaada, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alisimama akaitazama sana.

"Ndugu, hii nayo ni picha. Tungoje kwanza, tuulize wenyewe."

Niulize nani, na haraka yote hiyo niliyokuwa nayo? Nikachovya brashi kwenye chokaa mimi mwenyewe. Kufika adhuhuri ukuta ulikuwa mweupe pe.

Jioni nikamsimulia mama, najisifu. Akaacha kumenya muhogo.

"Mwana wanje, mwanangu, na jicho umelifuta?"

Ndipo akanieleza. Wengi wao hawakujua kuandika, kwa hiyo kila mwanamke alichora alama yake ukutani, juu ya mahali alipoketi kuchambua, mwingine asipakalie. Jicho lilikuwa lake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwomba radhi, naye akaendelea kumenya.

Siku ya ufunguzi sikumtarajia mama. Nilikuwa nikienda mlangoni na kurudi, nikipanga upya viti ambavyo vilishapangwa. Akaja. Alikuja na wenzake saba wa kazi ya zamani, wakainama na kusalimia kwa makofi mepesi kama ilivyo desturi yetu. Picha hawakuziangalia. Walifuata ukuta, wakahesabu hatua kutoka mlangoni, na kila mmoja akaketi sakafuni mahali pake, miguu ameinyoosha, huyu hapa, yule kule mbali.

Furaha ilinijaa, mama yuko ndani! Nikakimbilia kuketi kando yake, palipokuwa wazi.

"Ondoka hapo," akasema taratibu. "Hapo pana mtu."

Nikaitazama safu yote. Wanawake walikuwa wanane, na nafasi tupu kati yao zilikuwa nyingi kuliko wao. Nikainuka, nikaanza kutafuta pa kupita nisimkanyage mtu.