Muhtasari Nilioambiwa Niurekebishe

Katika chuo kikuu kimoja hapa Dodoma nilikuwa afisa utawala mdogo, kazi yangu kuandika muhtasari wa vikao vya Seneti. Kikao kimoja kilijadili wanafunzi wanne walioongoza malalamiko ya maji mabwenini. Uongozi ulitaka wafukuzwe. Wajumbe walibishana hadi chai ikapoa, kisha wakanyoosha mikono, na pendekezo likaanguka. Niliandika hivyo daftarini, kisha kwenye rasimu.

Kesho yake aliniita makamu mkuu wa chuo, ambaye ndiye mwenyekiti wa Seneti. Rasimu yangu ilikuwa mezani kwake, mstari mmoja umekatwa kwa kalamu ya kijani. Juu yake ameandika: Seneti iliuachia uongozi uamuzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hapa ulisikia vibaya. Rekebisha."

"Mzee, walipiga kura."

Hakupandisha sauti. "Kikao kinaendeshwa na mwenyekiti, binti yangu. Wewe andika."

Nikarekebisha. Sijitetei. Mkataba wangu ulikuwa ukingoni, na mama yangu kule Kibakwe alishawatangazia majirani kwamba mwanawe yuko ofisi kubwa. Wiki hiyohiyo wale wanne walipewa barua za kufukuzwa. Nilimwona mmoja wao, msichana, amekalia godoro lililokunjwa nje ya geti, vumbi linampiga, anajieleza kwenye simu. Nikavuka barabara nisipishane naye.

Kikao kilichofuata kilianza, kama ilivyo ada, kwa kuthibitisha muhtasari. Mhadhiri mmoja wa sheria, mama asiye na maneno mengi, akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, ukurasa wa nne. Naomba mwandishi atusomee alichoandika siku ile."

"Muhtasari ndio huo," alisema makamu mkuu.

"Naulizia daftari lake."

Daftari lilikuwa mapajani mwangu, jalada limelowa jasho la viganja. Wajumbe waliinamia karatasi zao. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyenitazama. Nikafungua, nikasoma: pendekezo limekataliwa. Sauti ilinitoka nyembamba, nikaambiwa nirudie. Nikarudia.

Wanafunzi waliitwa warudi. Watatu walirudi, yule msichana alishaenda kwao Kondoa na hakutaka tena kusikia habari za chuo. Mimi nilihamishiwa masijala kupanga mafaili, na mkataba ulipoisha haukuongezwa.

Siku niliyokusanya vitu vyangu, yule mhadhiri alikuja kuniaga. Alinishika mkono muda mrefu.

"Mwanangu, ungekataa siku ile ya kwanza, yule binti angekuwa darasani."

"Najua, mama," nikamjibu.